Uzi: Kwa nini mnyama anayelala majira yote ya baridi hasikii njaa? Homoni, ubongo na kalenda ya mwili

Mleta mada:

Ndugu wanajukwaa, naomba tujadili jambo ambalo naona halizungumzwi inavyostahili tunapoongelea wanyama wanaolala majira ya baridi. Maelezo mengi huishia kwenye moyo unaopiga polepole na mwili unaopoa, na kweli hayo ni ya kustaajabisha. Mimi nataka tutazame njaa. Mnyama aliyezoea kula kila siku anakaa miezi mitano, sita, hata saba bila kutia kitu kinywani, kisha anatoka akiwa hai na tayari kuzaa. Je, muda wote huo anavumilia njaa, au njaa yenyewe haipo?

Jibu ambalo ushahidi wa sasa unaliunga mkono ni kwamba njaa haipo. Ubongo umeiondoa kwa muda, na umeiondoa kwa njia ya homoni.

Nianze na maelezo ya kawaida yanayosema kwamba mnyama hali kwa sababu amepoa, na mwili uliopoa hauwezi kula. Maelezo hayo ni kweli nusu tu. Wanyama wengi wa kundi hili hawalali mfululizo. Mfano mzuri ni kindi wa ardhini mwenye mistari 13 wa Amerika ya Kaskazini, ambaye amechunguzwa sana maabara. Joto lake hushuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri, akakaa hivyo kwa siku nyingi, pengine wiki kadhaa. Kisha huamka. Kwa muda wa saa chache mwili wake hurudi kwenye nyuzi 37, moyo hupiga kama kawaida, macho hufumbuka, na kwa saa 24 hadi 48 anakuwa mnyama mzima kabisa, anayetembea na kujisafisha. Baadaye hupoa tena, na mzunguko huo hujirudia msimu wote.

Katika vipindi hivyo vya kuamka ndipo mwili unapotumia sehemu kubwa ya nishati yote ya majira ya baridi. Kwa hiyo tuna mnyama mwenye joto la kawaida, aliye macho, ambaye hajala kwa wiki au miezi, na ambaye yuko katikati ya matumizi makubwa ya nishati. Ukimwekea chakula mbele yake, anakipuuza au anakigusa kidogo mno. Baridi haiwezi kueleza hilo.

Ili tufike kwenye jibu, hatuna budi kwanza kukumbushana jinsi hamu ya kula inavyoendeshwa katika mamalia yeyote.

Chini ya ubongo kuna eneo dogo liitwalo haipothalamasi, na ndani yake kuna kundi la seli za neva lenye umbo la upinde ambalo ndilo kitovu cha habari za njaa. Humo kuna seli za aina mbili zinazopingana. Aina ya kwanza hutoa kemikali ziitwazo NPY na AgRP, na zikiamka mnyama hutafuta chakula kwa nguvu. Aina ya pili hutengeneza protini iitwayo POMC, na zikiamka mnyama huacha kula. Mwili huzifikia seli hizi kwa kutumia homoni zinazosafiri katika damu. Leptini hutoka kwenye seli za mafuta; iligunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Mafuta yakiwa mengi, leptini huwa nyingi, nayo hutuliza seli za AgRP na kuziamsha za POMC. Grelini hutoka hasa tumboni. Iligunduliwa mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani. Hupanda kabla ya mlo na hufanya kinyume cha leptini. Insulini nayo huchangia, na utumbo hutoa homoni nyingine za kushibisha ambazo leo sitazigusa.

Kwa kanuni hiyo, mnyama aliyenenepa alipaswa kupunguza kula, na mnyama aliyekonda alipaswa kutafuta chakula. Wanyama wanaolala majira ya baridi huenda kinyume na kanuni hiyo mara mbili kwa mwaka. Mwishoni mwa kiangazi, wakiwa tayari wamenenepa, huendelea kula kwa pupa. Katika majira ya baridi, huku akiba yao ya mafuta ikipungua siku hadi siku, hawaitafuti hata punje.

Mara hizo mbili hazina maelezo ya aina moja, kwa hiyo nitazitenganisha.

Mleta mada (sehemu ya pili):

Kuhusu pupa ya kabla ya baridi, fikra ya kwanza ya watafiti ilikuwa kwamba huenda wanyama hawa hawasikii kabisa leptini katika msimu huo. Matokeo hayakuwa mepesi kiasi hicho. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti juu ya kindi wa ardhini wa Aktiki ambao ulionyesha kwamba wanyama hao wakipewa leptini kutoka nje wakati wa kunenepa, hupunguza kula na uzito hushuka. Maana yake ni kwamba kipokezi cha leptini, yaani sehemu ya seli inayoipokea, kipo na kinafanya kazi, mradi ujumbe uwe mkubwa vya kutosha. Kisha mwaka 2000, kwa popo wadogo wa kahawia wa Amerika ya Kaskazini, ilionekana jambo ambalo kwangu linavutia zaidi: popo hao walipokuwa wakinenepa kabla ya kulala, leptini katika damu ilishuka badala ya kupanda. Seli za mafuta zilikuwa zimejaa, lakini zilikuwa zimeacha kutoa taarifa kwa kiwango kinacholingana na mzigo wao.

Kwa hiyo kuna njia mbili zinazowezekana za kumruhusu mnyama anenepe bila kizuizi. Moja ni kupunguza utoaji wa leptini wakati mafuta yanaongezeka. Nyingine ni kupunguza usikivu wa ubongo kwa leptini hiyo. Njia ya pili imeonyeshwa vizuri kwa hamsta wa Siberia, mnyama mdogo anayefanana na panya. Huyu halali msimu mzima bali hupoa kwa saa chache tu kwa siku, lakini uzito wake hubadilika sana kwa majira. Katika siku ndefu za kiangazi hamsta huyo huwa mnene na hajali sindano ya leptini. Katika siku fupi huwa mwembamba na anaitikia. Ndani ya seli za haipothalamasi kuna protini iitwayo SOCS3 ambayo kazi yake ni kuzima ujumbe wa leptini baada ya kupokelewa, na kiwango chake hubadilika kufuatana na urefu wa siku.

Hapa naomba tuzingatie jambo ambalo binafsi naliona kuwa msingi wa mada yote. Ubongo wa wanyama hawa haulindi uzito mmoja. Unalinda uzito unaobadilika na kalenda. Nicholas Mrosovsky na Kenneth Fisher wa Toronto walilieleza wazo hili mwaka 1970 baada ya kuwanyima kindi wa ardhini chakula kwa muda katika msimu wa kulala, kisha kuwarudishia. Wanyama hao walikula na kuongeza uzito, lakini hawakurudi kwenye uzito waliokuwa nao kabla ya kunyimwa. Walirudi kwenye uzito ambao wangekuwa nao tarehe hiyo kama wasingenyimwa kitu, yaani uzito mdogo zaidi kwa sababu msimu ulikuwa umesonga mbele. Kwa maneno mengine, kukonda kwao kulikuwa kumepangwa na mwili ukifuata ratiba, na mwili ulikataa kwenda mbele ya ratiba na ulikataa pia kurudi nyuma yake.

Matokeo hayo yanapindua maana ya njaa. Njaa si taarifa kwamba mafuta yamepungua. Njaa ni taarifa kwamba mafuta yako chini ya kiwango ambacho ubongo unakitarajia kwa wakati ule.

Mdadisi:

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa maelezo, lakini naona umeikataa hoja ya baridi haraka mno. Saa 24 au 48 za kuamka ni chache. Inawezekana kabisa kwamba utumbo wa mnyama huyo umesinyaa na hauko tayari kupokea chakula, na kwamba ubongo wake bado haujarudi sawasawa baada ya kupoa. Mtu akitoka kwenye usingizi mzito wa dawa za upasuaji naye hana hamu ya kula. Kwa nini tulete homoni mahali ambapo uchovu unatosha?

Mleta mada:

Ndugu Mdadisi, swali lako ni la haki, na nusu yake ni kweli. Utumbo wa kindi wa ardhini husinyaa katika msimu huo. Hannah Carey wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake wamelionyesha hilo kwa miaka mingi. Ila nina sababu tatu za kutokubali kwamba uchovu unatosha.

Ya kwanza ni dubu. Tøien na wenzake, katika utafiti wa Alaska uliochapishwa mwaka 2011, walipima dubu weusi wakiwa wamelala. Joto la miili yao lilikuwa kati ya nyuzi 30 na 36, ingawa matumizi ya nishati yalishuka hadi takriban robo ya kawaida. Dubu hapoi hata kukaribia kiwango cha kindi. Anaweza kuinuka akishtuliwa, na jike huzaa na kunyonyesha mumo humo pangoni. Hata hivyo hali wala hanywi kwa miezi. Mwili wenye joto la nyuzi 33 unaweza kula. Huyu hataki.

Ya pili ni kwamba hamu ya kula huanza kushuka kabla mnyama hajapoa. Kwa kindi wa ardhini na kwa mamoti, jamaa yao mwenye mwili mkubwa, ulaji hupungua wenyewe mwishoni mwa msimu wa kunenepa, chakula kikiwa bado kipo tele, na ndipo baadaye vipindi vya kupoa vinapoanza. Kitu kinachotangulia hakiwezi kuwa matokeo ya kile kinachokifuata.

Ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ni kwamba njaa inaweza kurudishwa katikati ya msimu kwa kugusa ubongo peke yake. Mwaka 2010 Gregory Florant na wenzake waliweka katika ubongo wa mamoti wenye tumbo la njano kemikali iitwayo AICAR, ambayo huamsha kimeng'enya cha AMPK, kipimo cha nishati ndani ya seli. Mamoti hao walianza kula katika msimu ambao hawapaswi kula. Kama kizuizi kingekuwa utumbo uliosinyaa au uchovu wa baridi, kugusa ubongo kusingesaidia kitu.

Mwalimu wa Baiolojia:

Naomba kuongeza jambo kwenye jibu la tatu. Jaribio la AICAR linaonyesha kwamba mashine ya kula ipo na inaweza kuwashwa, lakini halituelezi ni nini kilichoizima kwa asili. Mleta mada ametaja homoni katika kichwa cha uzi. Ni homoni gani basi? Leptini haitoshi, maana katikati ya baridi mafuta yanapungua na leptini ilipaswa kupungua pamoja nayo, na njaa ingerudi. Grelini nayo je? Tumbo ambalo limekuwa tupu kwa miezi mitano lilipaswa kuimwaga kwa wingi.

Mleta mada:

Mwalimu, umefika hasa mahali nilipokuwa naelekea, na nitajibu kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo penye habari mpya.

Grelini ilichunguzwa kwa kindi wa ardhini wa Amerika ya Kaskazini wenye joho la dhahabu, pia na kundi la Florant. Kiwango chake katika damu hubadilika kufuatana na hali ya mnyama, na ukimchoma sindano ya grelini anaongeza kula. Kwa hiyo homoni hii haijafutwa katika wanyama hawa. Ni ileile ya mamalia wengine. Swali ni kama ubongo unaisikiliza vilevile msimu wote.

Mwaka 2024 kundi la Elena Gracheva na Sviatoslav Bagriantsev wa Chuo Kikuu cha Yale, ambao wamemfanya kindi mwenye mistari 13 kuwa mnyama wao mkuu wa utafiti, walichapisha kazi iliyolikabili swali hilo moja kwa moja. Waliwachukua kindi wakiwa katika vipindi vya kuamka, wenye joto la kawaida, na wakathibitisha kwamba njaa yao ni ndogo mno. Kisha wakazichunguza seli za kitovu kile cha upinde. Waligundua kwamba seli hizo zimepunguza usikivu wake kwa pande zote mbili: grelini haizisukumi kama kawaida kuelekea kula, na leptini haizisukumi kama kawaida kuelekea kuacha. Zote mbili zinafika, na zote mbili hazipati mwitikio unaostahili. Hilo ndilo linalojibu swali lako, Mwalimu: kupungua kwa leptini hakurudishi njaa kwa sababu ubongo haufuatilii tena leptini, na tumbo tupu halirudishi njaa kwa sababu ubongo haufuatilii tena grelini.

Nini kimesababisha hali hiyo? Watafiti hao walionyesha kwamba ndani ya haipothalamasi kuna upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi. Walipoipeleka homoni hiyo moja kwa moja kwenye haipothalamasi wakati wa kipindi cha kuamka, kindi walianza kula, katikati ya msimu wa kulala. Homoni moja, mahali pamoja, iliondoa mfungo wa miezi.

Inafaa nieleze kwa nini matokeo hayo hayakushuka kutoka hewani. Tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, hutoa zaidi homoni iitwayo T4, ambayo ni kama malighafi. Inayofanya kazi kwa nguvu ndani ya seli ni T3, inayopatikana kwa kuondoa atomu moja ya iodini kutoka kwenye T4. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho Dio2. Kuna kimeng'enya kingine, Dio3, ambacho huiharibu T3 na pia huigeuza T4 kuwa umbo lisilofanya kazi. Katika ukuta wa chini wa haipothalamasi kuna seli ndefu ziitwazo tanisaiti, ambazo zinagusa maji ya ubongo kwa upande mmoja na kutuma mikono yake ndani ya ubongo kwa upande mwingine. Seli hizo ndizo zenye vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo eneo hilo dogo linaweza kuwa na T3 nyingi au kidogo bila kutegemea sana kiasi kilichomo katika damu ya mwili mzima. Ni lango ambalo ubongo wenyewe ndio unaolifungua na kulifunga.

Kwa wanyama wanaofuata urefu wa siku, mnyororo wa amri unajulikana vizuri. Usiku ukiwa mrefu, tezi ya pineali hutoa melatonini kwa saa nyingi zaidi. Melatonini hufika kwenye sehemu ya juu ya tezi ya pituitari na kuzuia utengenezaji wa homoni ya TSH (ambayo kwa kawaida hujulikana kwa kuichochea thairoidi) mahali hapo. TSH ikipungua, tanisaiti hupunguza Dio2, na T3 hupungua katika haipothalamasi. Siku zikirefuka, mambo yote hugeuka. Kwa hamsta wa Siberia, watafiti walipandikiza T3 kidogo katika haipothalamasi wakati wa siku fupi, na wanyama hao hawakukonda kama ilivyo kawaida yao, na viungo vyao vya uzazi navyo havikusinyaa. Barrett na wenzake walichapisha hilo mwaka 2007. Kwa hiyo kazi ya Yale imekuja kuonyesha kwamba lango lilelile linatumika kwa mnyama anayelala kikamilifu, na kwamba linadhibiti njaa hata pale mwili unapokuwa na joto la kawaida.

Muuguzi:

Ndugu mleta mada, nimesoma kwa makini sana. Nina maswali mawili. Kwanza, mgonjwa ambaye thairoidi yake inafanya kazi kupita kiasi hula sana na bado anakonda. Je, hilo linahusiana na ulichoeleza? Pili, kama sayansi imeipata homoni inayozima njaa bila madhara kwa miezi, mbona tusiitumie kwa watu wanaohangaika na unene uliokithiri?

Mleta mada:

Ndugu Muuguzi, la kwanza linahusiana kwa karibu. T3 hufanya kazi mahali pengi kwa wakati mmoja. Katika misuli, ini na moyo huongeza matumizi ya nishati. Katika haipothalamasi huchochea kula. Mgonjwa uliyemtaja ana homoni nyingi kila mahali, kwa hiyo anachoma zaidi kuliko anavyokula, na ndiyo maana anakonda huku akila. Kindi aliyelala ana upungufu katika eneo maalumu la ubongo. Tofauti ya mahali ndiyo yenye uzito hapa.

Hilo linanipeleka kwenye swali lako la pili, na naomba nilijibu bila kuacha utata, kwa sababu linagusa afya za watu. Mtu asijaribu kupunguza wala kuongeza homoni ya thairoidi kwa lengo la kupunguza uzito. Kuiongeza kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa. Kuipunguza mwilini mwote huleta uchovu, kuhisi baridi, kufunga choo na hata kuongezeka uzito. Mnyama anayelala ameepuka madhara hayo kwa sababu upungufu umewekwa mahali pamoja, kwa msimu maalumu, pamoja na mabadiliko mengine mengi ya mwili yanayokwenda sambamba nao.

Kuna somo jingine la kitabibu ambalo naliona lina matumaini zaidi, nalo ni la kurudi katika hali ya awali. Leptini ilipogunduliwa, wengi walitarajia kwamba sindano yake ingetibu unene. Kwa watoto wachache waliozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza, kweli ilileta nafuu kubwa. Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly wa Cambridge walilionyesha hilo mwaka 1999. Kwa watu wengi wenye unene usiotokana na kasoro hiyo, mafanikio yalikuwa madogo, kwa sababu leptini yao tayari ni nyingi na ubongo hauitikii ipasavyo. Wanyama wa msimu nao hupoteza usikivu huo, lakini huurudisha kila mwaka bila dawa. Dubu hufanya jambo la namna hiyo kwa insulini: watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, wanaofuga dubu wa kahawia kwa ajili ya utafiti, wameonyesha kwamba dubu hao wakiwa wamelala seli zao hupinga insulini, na wakiwa katika msimu wa kula na kunenepa huitikia. Kwa binadamu, hali kama ya kwanza ingetufanya tuzungumzie kisukari. Kwa dubu ni msimu unaopita.

Naomba pia niongeze tahadhari kwa wanaofuatilia mada hii. Mwaka 2014 ilichapishwa makala iliyosifiwa sana kuhusu insulini na unene wa dubu, na mwaka uliofuata makala hiyo iliondolewa rasmi kwa sababu baadhi ya takwimu zilikuwa zimechezewa. Bado inanukuliwa huku na kule. Nilichoandika hapo juu kinatokana na kazi zilizofuata, si hiyo.

Mdadisi:

Nakubali kwamba baridi peke yake haitoshi. Sasa nina hoja nyingine. Wapo wanyama wanaolala na bado wanaweka chakula shimoni na kukila wanapoamka. Hamsta wa Syria hufanya hivyo, na chipmanki wa Amerika, kindi mdogo mwenye mistari, vilevile. Kama upungufu wa T3 ni kanuni, mbona hawa wanakula? Na wale wa nchi za joto?

Mleta mada:

Kanuni hiyo haihusu kulala kwa ujumla. Inahusu mkakati wa kubeba akiba ndani ya mwili. Tuwagawe wanyama hawa katika makundi mawili. Kuna wanaoweka akiba mwilini, kama vile kindi wa ardhini wengi, mamoti, dubu na popo, ambao hunenepa kupita kiasi na kisha hufunga. Na kuna wanaoweka akiba shimoni, uliowataja, ambao hawanenepi kwa kiwango hicho na hula kila wanapoamka. Kwa kundi la pili, kuzima njaa kungekuwa hasara tupu, kwa sababu chakula kiko pembeni na mafuta ni machache. Kwa kundi la kwanza, njaa ndiyo ingekuwa hatari: kindi mwenye njaa angetoka juu kwenye theluji, akachoma mafuta yake akitafuta kitu kisichokuwepo, na akaliwa na wanyama wengine. Ukilitazama hivyo, kuzimwa kwa njaa ni kinga ya akiba.

Kuhusu nchi za joto, mfano bora ni lemuri mdogo mwenye mkia wa mafuta wa Madagaska. Kathrin Dausmann na wenzake walieleza mwaka 2004 kwamba mnyama huyu, ambaye ni jamaa yetu katika kundi la nyani na binadamu, hulala kwa takriban miezi saba ndani ya mashimo ya miti katika msimu wa ukame, akitumia mafuta aliyoyajaza mkiani. Iwapo shimo lake halina kinga nzuri dhidi ya joto la nje, mwili wake unaweza kupanda hadi zaidi ya nyuzi 30 mchana na kushuka tena usiku, na bado anaendelea na msimu wake. Huyu anakimbia uhaba wa chakula na maji, wala si theluji. Kwangu huo ni ushahidi mwingine kwamba baridi ni mazingira tu, na kwamba kiini cha jambo ni nishati.

Kiu nayo huzimwa, kwa njia inayofanana lakini isiyo ileile. Kundi hilohilo la Yale lilionyesha mwaka 2019 kwamba kindi mwenye mistari 13 hupunguza chumvi na viyeyushwa vingine katika damu yake wakati wa msimu huo, kwa hiyo ubongo haupati ile ishara ya damu nzito inayoamsha kiu. Hiyo ni mada kubwa na ingestahili uzi wake.

Mwalimu wa Baiolojia:

Swali langu la mwisho. Umesema urefu wa siku ndio unaoongoza melatonini, na melatonini ndiyo inayoongoza T3. Lakini kindi aliyelala yuko chini ya ardhi, gizani. Haoni siku zikirefuka. Njaa inarudije?

Mleta mada:

Hili ndilo swali lililowasumbua watafiti tangu mwanzo, na jibu la kwanza lilipatikana kabla leptini haijafikiriwa. Mwaka 1957 Eric Pengelley na Kenneth Fisher waliripoti kwamba kindi wa ardhini wenye joho la dhahabu, waliowekwa mahali penye joto lisilobadilika na mwanga wa saa zilezile kila siku, waliendelea kulala na kuamka kwa msimu kana kwamba wanaona majira. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba mzunguko huo hudumu kwa miaka, na kwamba kwa kawaida huwa mfupi kidogo kuliko miezi 12. Kwa hiyo ndani ya mwili kuna kalenda inayotembea yenyewe. Mwanga wa nje, mnyama anapokuwa juu ya ardhi, kazi yake ni kuirekebisha isipotee njia. Uzito, ulaji na homoni za uzazi vyote hufuata kalenda hiyo. Inaelekea sana kwamba TSH na T3 katika ukuta wa haipothalamasi ni sehemu ya saa yenyewe, wala si mikono yake tu, kwa sababu katika wanyama kadhaa wa msimu viwango vyake hugeuka hata pale urefu wa siku haujabadilika.

Kurudi kwa njaa, basi, hakusubiri chakula kionekane. Madume wa kindi wa ardhini wa Aktiki, wale ambao Brian Barnes wa Fairbanks alionyesha mwaka 1989 kwamba miili yao inaweza kushuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri bila kuganda, ni mfano ulio wazi kabisa. Wakati wa kiangazi madume hao huweka chakula shimoni, lakini msimu wa kulala hawakigusi. Mwishoni mwa majira ya baridi, wiki kadhaa kabla ya kutoka nje, hurudi kwenye joto la kawaida na kubaki nalo. Nje bado kuna theluji na mlango wa shimo umezibwa. Hapo ndipo wanapoanza kula akiba ileile waliyoipita mara kwa mara katika vipindi vya kuamka, uzito wao huongezeka, testosteroni hupanda na korodani hukua, ili siku wanapotoka wawe tayari kupandana na majike ambao hutoka baadaye bila ya kuwa na akiba kama hiyo. Chakula kilikuwa palepale tangu mwanzo wa msimu. Kilichobadilika ni haipothalamasi.